Je, Wajua? Mgongo wa Mtoto Mdogo Hauumi Bure

Haya, sogea hapa tukae. Leo tunaongea mgongo, na si mgongo wa babu aliyechunga ngamia miaka 60. Ni mgongo wa mtoto anayejifunza kutembea, yule anayelia akiinuliwa, asiyetaka kukaa, na ambaye mama yake ameshampeleka kwa chemisti wawili na zahanati moja pale Garissa bila kupata jibu. Sikiliza maajabu haya, kisha utaniambia kama utamtazama mtoto wako vile vile.

Mfupa una mambo

Je, wajua kwamba mtoto akizaliwa ana mifupa karibu 300, na wewe uliyemzaa una 206 tu? Haikupotea popote! Mingi iliungana taratibu alipokuwa akikua.

Hesabu mgongo peke yake. Mtoto ana pingili 33, mtu mzima ana mifupa 26. Pingili 5 za nyonga zimekuwa mfupa mmoja, na zile 4 za mwisho kabisa zimekuwa mmoja.

Umewahi kuwatazama twiga wa Bour-Algi, hapo karibu na mji wa Garissa? Shingo ndefu yote ile ina pingili 7. Ngamia ana 7. Na mtoto wako aliyelala mapajani ana 7 zile zile.

Na ngamia tusimwache hapo. Nundu yake haina mfupa hata mmoja ndani, ni mafuta matupu! Ukiondoa mafuta hayo, uti wa mgongo ulio chini yake hauna nundu yoyote.

Mtoto mchanga huja duniani mgongo wake umejikunja mkunjo mmoja tu. Akianza kuinua kichwa, shingo inapata mkunjo wake. Akisimama na kutembea, kiuno nacho kinapata wake. Kwa hiyo kila hatua anayopiga sebuleni inaujenga mgongo wake.

Sasa hili litakushangaza. Mtoto akizaliwa, uti wa neva unaopita ndani ya mgongo hufika hadi pingili ya 3 ya kiuno. Kwa mtu mzima unaishia kwenye ya 1 au ya 2. Uti haukurudi juu, ni mifupa iliyokua haraka ikaupita!

Ulijua kwamba asubuhi wewe ni mrefu kuliko jioni? Tofauti ni karibu sentimita 1. Diski zilizo kati ya pingili hunywa maji usiku ukiwa umelala, na mchana kutwa uzito wa mwili unazikamua.

Unadhani watoto kuumwa mgongo ni jambo la juzi? Mwaka 1984, Kamoya Kimeu alivumbua mifupa ya mvulana kule Nariokotome, Turkana. Ana umri wa miaka kama milioni 1.5, alikufa akiwa bado mtoto, na wachunguzi waliopima kiuno chake wameona dalili za diski iliyoumia. Mtoto wa kaskazini mwa Kenya, mgongo unauma, miaka milioni moja na nusu iliyopita!

Anaumwa, lakini hawezi kusema

Shika moyo. Hadi miaka ya 1980, madaktari wengi duniani waliamini kwamba mtoto mchanga hasikii maumivu kama mtu mzima. Baadhi ya watoto hao walipasuliwa bila dawa ya kutosha ya kuondoa maumivu! Utafiti wa daktari Kanwaljeet Anand na wenzake, uliochapishwa mwaka 1987, ndio uliosaidia kuizika imani hiyo.

Kuna njia ya kupima maumivu ya mtoto asiyejua kusema. Tangu 1997 wauguzi hutazama mambo 5: uso, miguu, jinsi anavyotulia au kujipinda, kilio chake, na kama anabembelezeka. Kila jambo hupewa alama 0 hadi 2, jumla ni 10. Hooyo, wewe unaufanya mtihani huo kila usiku bila karatasi!

Mtoto wa miaka 2 anayeumwa mgongo mara nyingi hasemi “mgongo”. Atakuonyesha tumbo, nyonga au mguu. Mwingine atachechemea, mwingine aliyekwisha kutembea atarudi kutambaa, na mwingine atakataa kuketi kabisa.

Jaribu hili leo hii. Angusha biskuti sakafuni, umwambie aiokote. Mtoto mzima atainama bila kufikiri. Mwenye uti unaouma atachuchumaa polepole, mgongo umenyooka wima, mkono mmoja umeshika paja lake, kisha atajipandisha kwa kujishikilia. Madaktari wa mifupa wameijua dalili hiyo kwa vizazi.

Diski za mtoto mdogo zina mishipa ya damu karibu nazo, na za mtu mzima hazina. Hiyo mishipa inazilisha zikue, lakini pia ni njia ya viini! Ndiyo sababu mtoto wa mwaka 1 hadi 4 anaweza kupata uambukizo wa diski bila kuanguka wala kugongwa na mtu.

Kiini kimoja cha aina hiyo huitwa Kingella kingae, na hukaa kimya kooni mwa watoto wengi wenye miezi 6 hadi miaka 4. Kilitambuliwa miaka ya 1960 na mwanasayansi wa Marekani, Elizabeth King. Mafua madogo yanapita, na wiki chache baadaye mtoto anakataa kusimama!

Je, wajua kwamba eksirei inaweza kutoka safi na ugonjwa ukawa mle mle ndani? Mfupa hupoteza kati ya asilimia 30 na 50 ya madini yake kabla eksirei haijaonyesha kitu. Uambukizo wa diski huchukua wiki 2 hadi 3 kabla haujaonekana. Picha ya MRI huuona mapema zaidi. Kwa hiyo ukiambiwa “picha ni safi” na mtoto bado analia, rudi!

Kikombe cha maziwa

Kenya ina ngamia zaidi ya milioni 4, kwa sensa ya 2019. Wengi wako huku kwetu kaskazini, na maziwa yao yamelea vizazi. Ni chakula kitamu na cha heshima. Shida ni pale yanapoingia kinywani mwa mtoto kabla hayajaonja moto.

Mwaka 2014 na 2015 wachunguzi walipima wagonjwa wenye homa katika hospitali za mbali za Kaskazini Mashariki mwa Kenya. Wagonjwa 146 walithibitishwa kuwa na bruselosi, ugonjwa unaotoka kwa mifugo. Sasa sikiliza: 29 kati yao, yaani mmoja kati ya watano, kipimo cha kawaida cha kingamwili cha damu kilikuwa kimesema hawana!

Utafiti huo huo haukupata dalili hata moja ya mwili inayotosha peke yake kuutambua ugonjwa. Kilichowaunganisha wagonjwa ni kugusana na mifugo na kunywa maziwa mabichi. Unaona? Swali la “mnakunywa maziwa gani nyumbani” linaweza kumsaidia daktari kuliko kipimajoto.

Na bruselosi inapenda wapi? Mgongo na viungio vya nyonga! Homa huja na kuondoka, jasho la usiku, mwili kuchoka, kisha kiuno kinauma. Wengi hutibiwa malaria mara mbili, mara tatu, kabla mtu hajafikiria maziwa.

Kiini hiki kilipatikana mwaka 1887 katika kisiwa cha Malta na daktari wa jeshi, David Bruce. Lakini hakuna aliyejua kinatoka wapi hadi 1905, daktari Themistocles Zammit alipokikuta ndani ya damu ya mbuzi waliokuwa na afya tele. Jeshi likapiga marufuku maziwa ya mbuzi hao, na ugonjwa ukaporomoka kambini.

Umeshika hapo? Mbuzi walikuwa na afya! Mnyama mwenye bruselosi anaweza kunenepa na kukamuliwa kama kawaida. Ishara kubwa zizini ni mimba kutoka. Mbuzi akitupa mimba, usiguse kwa mikono mitupu, na watoto wasikaribie.

Kwa miaka mingi dunia ilisema watu 500,000 hupata bruselosi kila mwaka. Hesabu mpya iliyochapishwa 2023 imepandisha hadi kati ya milioni 1.6 na milioni 2.1. Mara tatu, mara nne! Wagonjwa walikuwapo siku zote, ila hawakuhesabiwa.

Habari njema ni kwamba dawa ipo. Hutolewa dawa mbili pamoja, kwa wiki 6 au zaidi, na mtoto mdogo ana mchanganyiko wake tofauti na wa mtu mzima. Ukiacha wiki ya 2 kwa sababu homa imeshuka, ugonjwa unarudi.

Kinga yake je? Nyuzi 63 kwa dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15, na kiini kimekufa. Nyumbani huhitaji kipimo chochote: maziwa yakifura na kupanda sufuriani, yameshavuka hapo. Kufukiza kibuyu kwa moshi hakutoshi, na kuyaachia yachache si kinga ya kutegemea.

Tena kifua kikuu cha ng’ombe nacho hupita kwenye maziwa mabichi! Kikiingia kwa njia ya tumbo, mara nyingi hakianzii mapafuni. Huenda kwenye tezi, na wakati mwingine kwenye mifupa.

Kifua kikuu kisichokohoa

Ndiyo, umesikia sawa. Kifua kikuu kinaweza kukaa mgongoni bila kikohozi hata kimoja. Karibu nusu ya kifua kikuu chote cha mifupa na viungio hukaa kwenye uti wa mgongo.

Ni ugonjwa wa zamani kupita kiasi. Mwaka 1910 wachunguzi waliandika habari za maiti iliyokaushwa ya kuhani wa Misri, Nesperehan, aliyeishi miaka 3,000 hivi iliyopita. Uti wake umevunjika na kutoa kibiongo, na alama za jipu bado ziko pale pale!

Percivall Pott, daktari wa upasuaji wa London, alikieleza kibiongo hicho mwaka 1779. Kiini chenyewe kikaonyeshwa na Robert Koch tarehe 24 Machi 1882. Miaka 103 kati yao! Na Koch huyo huyo alifika kwetu Afrika Mashariki: mwaka 1906 alipiga kambi visiwa vya Sese, Uganda, akichunguza ugonjwa wa malale.

Hili halisemwi sana: usaha wa uti wa mgongo unaweza kusafiri. Hushuka ndani ya msuli mrefu wa kiuno na kutokea kinenani, mbali kabisa na ulikoanzia. Uvimbe unakuwa hauna joto wala wekundu, na watu wanadhani ni ngiri.

Mshike mtoto wako mkono wa kushoto, utazame chini ya kiwiko. Unaona kovu dogo la mviringo? Hiyo ni BCG, chanjo anayopewa mtoto wa Kenya akizaliwa. Dozi yake ni mililita 0.05, yaani tone!

Chanjo hiyo ilitoka kwa kiini cha ng’ombe. Albert Calmette na Camille Guérin walikikuza kule Ufaransa kwenye viazi vilivyotiwa nyongo, wakakihamisha mara 230 kwa miaka 13 hadi kikapoteza ukali. Mtoto wa kwanza aliipata mwaka 1921, na bado tunaitumia leo. Huwakinga hasa wadogo na kile kifua kikuu kinachosambaa mwilini na kufika ubongoni.

Mtoto mdogo mwenye kifua kikuu kwa kawaida amekipata kwa mtu mzima aliye karibu naye. Kwa hiyo ukisikia mgongo unauma, uliza nani anakohoa nyumbani! Na mtoto wa chini ya miaka 5 anayeishi na mgonjwa wa kifua kikuu anastahili kupimwa, na akiwa mzima, kupewa dawa ya kumkinga.

“Lakini mtoto hawezi kutema makohozi.” Kweli, huyameza! Basi maabara inatafuta kiini kwenye kinyesi chake. Shirika la Afya Duniani lilikubali njia hiyo mwaka 2020, kwa mashine ile ile inayopima makohozi.

Sasa jivunie kidogo. Nchi ya kwanza duniani kusambaza dawa za kifua kikuu zilizotengenezwa mahususi kwa watoto ni Kenya, mwaka 2016. Si Marekani, si Uingereza, ni Kenya! Kabla ya hapo mzazi alivunja na kusaga vidonge vya watu wazima. Hizi zinayeyuka majini na zina ladha ya matunda.

Na si hilo tu. Majaribio yaliyoonyesha dunia kwamba kifua kikuu cha mapafu kinatibika kwa miezi 6 yalifanywa hapa hapa Afrika Mashariki, na matokeo yakatangazwa mwaka 1972. Cha mifupa huhitaji muda zaidi, miezi 12 kwa mtoto. Dawa ni bure katika hospitali za serikali.

Na mtoto ambaye miguu imekwisha kulegea kwa sababu ya kifua kikuu cha uti? Wengi hutembea tena wakitibiwa mapema. Rudia kusoma sentensi hiyo.

Wageni wengine wa mgongo

Polio inaweza kuanza kwa homa, shingo ngumu na mgongo mkakamavu, kabla mguu haujalegea. Mei 2013 virusi vilithibitishwa kwa mtoto wa miezi 4 pale Dadaab, na mwaka huo Kenya ilipata wagonjwa 14. Mguu wa mtoto ukilegea ghafla, sampuli 2 za kinyesi zichukuliwe ndani ya siku 14.

Mbu naye anajua mgongo. Mwaka 2004 chikungunya iliingia Lamu, jirani zetu wa kusini, na ikakadiriwa kuwapata watu 13,500, robo tatu ya kisiwa! Mwaka 2016 ikafika Mandera. Homa na maumivu makali ya viungo na mgongo, na mtoto anataka kulala tu.

Ugonjwa wa selimundu hukaba mishipa midogo ndani ya mifupa, na mgongo huuma vibaya. Kwa mtoto, mara nyingi ishara ya kwanza ni viganja na nyayo kuvimba, kuanzia miezi 6. Daktari aliyeonyesha mwaka 1954 kwamba kuwa na jeni moja ya ugonjwa huo humkinga mtu na malaria, Anthony Allison, alikulia hapa Kenya.

Je, wajua kwamba saratani ya damu ya watoto hushika zaidi kati ya miaka 2 na 5, na wakati mwingine hujitangaza kwa maumivu ya mifupa na mgongo? Katika nchi tajiri, zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona. Na Garissa, pamoja na Mombasa na Nakuru, ilichaguliwa kuwa na kituo cha kanda cha saratani. Zamani safari ilikuwa Nairobi tu, kilomita kama 370!

Ukimwogesha mtoto, tazama chini ya kiuno. Shungi la nywele, kishimo kirefu, uvimbe laini au doa lisilo la kawaida katikati ya mgongo linaweza kuwa alama kwamba uti wa neva umenaswa ndani. Ni jambo la sekunde 5, na linaweza kumwokolea miguu.

Na unga je? Tangu 2012, sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano wa pakiti utiwe virutubisho, asidi ya foliki ikiwemo. Mama akiipata kabla na mwanzo wa mimba, hatari ya uti wa mtoto kutofunga vizuri hupungua sana.

Mstari wa ikweta unapita ndani ya Kaunti ya Garissa, na jua ni la bure. Hata hivyo mtoto anayefungiwa ndani kutwa anaweza kukosa vitamini D, mifupa ikawa laini na kupinda. Mtoe nje asubuhi!

Sasa ni zamu yako

Umesikia mengi, shika moja: mtu mzima anaweza kuumwa mgongo kwa kubeba gunia, lakini mtoto wa chini ya miaka 5 asiyeacha kuumwa mgongo ana sababu, na sababu hiyo itafutwe mpaka ipatikane. Nyingi ya tulizozitaja zina dawa.

Usingoje ukiona haya: homa, kulia usiku, kukataa kuketi au kutembea, kukonda, pingili iliyojitokeza, miguu kulegea, au mtoto aliyeacha kujikojolea akianza upya. Kumchoma kwa chuma cha moto mgongoni hakufikii ugonjwa ulio ndani ya mfupa. Kunamwongezea kidonda.

Ukienda, beba kitabu cha kliniki na umweleze daktari mambo 5 bila kungoja uulizwe: maumivu yalianza lini, usiku yakoje, mtoto anakunywa maziwa gani, nani anakohoa nyumbani, na kama kuna mnyama aliyetupa mimba. Ukipewa dawa ya kutuliza tu na wiki ikapita bila nafuu, rudi. Ukirudishwa tena, omba barua ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Garissa.

Wewe ndiwe shahidi wa mtoto ambaye bado hajui kusema. Sema kwa niaba yake, na usinyamaze hadi upate jibu.